Daftari la mama

Mama aliporuhusiwa kutoka wodini tulikabidhiwa mfuko wa dawa, karatasi yenye mwandiko wa haraka na tarehe ya kliniki, wiki sita mbele. Wiki sita! Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno, nami sikujua hata namna ya kumgeuza kitandani.

Siku ya tisa akaanza kushikwa na kizunguzungu kila akiinuka, na miguu ikavimba. Nikadhani ndio ugonjwa wenyewe. Mfamasia niliyemwendea ndiye aliyeniambia nilete dawa zote. Akachomoa visanduku viwili na kuviweka sambamba: majina mbalimbali, rangi mbalimbali, ndani dawa ileile, amlodipini ya kushusha presha, naye mama alikuwa akimeza zote mbili. Kimoja alipewa zamani na daktari wake wa presha, kingine wodini. Kila mmoja alijua nusu yake tu, na mimi niliyekuwa katikati sikujua lolote.

Jioni ile nikafungua daftari. Dawa kwa jina lake halisi, si la kwenye boksi tu. Presha asubuhi na jioni. Nani kasema nini. Popote aendapo mama, daftari linatangulia.

Kama mgonjwa wako bado yuko wodini, usitosheke na maelezo. Omba uonyeshwe, kisha ufanye mwenyewe huku muuguzi anakutazama. Mimi nilikuwa nikimwinua mama kwa kumvuta mkono uliolegea, kumbe bega la namna hiyo huteguka kirahisi. Nguo anavaa kwa kuanzia upande mgonjwa, anavua kwa kuanzia mzima. Akikohoa kila anapokunywa maji, sema mapema, maana kinachopita njia ya hewa huweza kuleta nimonia.

Na mazoezi yasingojee kliniki. Nafuu kubwa huja miezi mitatu ya mwanzo, ingawa haikomi hapo. Tulipoteza karibu mwezi mzima, na bado inaniuma.

Mwezi wa pili mama aligoma kula, akawa analia. Nikamwita mkaidi, Mungu anisamehe. Ilikuwa sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, ambayo humpata karibu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi, na ina tiba.

Ndani ya jalada nimeandika kwa wino mwekundu dalili za kiharusi kingine: mdomo kwenda upande, mkono kuanguka, usemi kuvurugika, kimbia hospitali. Chini yake kuna nafasi ya saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, maana hilo watakuuliza mlangoni.

Ukurasa wa nyuma ni wangu: usingizi, mgongo, hasira. Nilipoona nimejaza siku kumi na moja bila usiku mmoja wa kulala vizuri, nikampigia kaka. Sasa Jumamosi ni zamu yake. Mara ya kwanza aliandika "Yuko sawa," nikamrudishia daftari. Wiki iliyofuata nikakuta: "Saa 2 usiku amekohoa mara mbili akinywa maji. Nimemkalisha wima, ikaacha."