Taa za Simtanki Zinazodanganya

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Isevya, Tabora, tuna simtanki la lita 2,000 lililokaa juu ya mnara. Kwa kuwa nilichoka kupanda ngazi kila jioni kuchungulia, nilitengeneza kipima kina chenye transista tatu za BC547, taa tatu za LED na waya za shaba zilizochunwa ncha, nikakiwasha kwa chaja ya simu ya volti 5. Mwezi wa kwanza kilifanya kazi vizuri. Sasa waya ulioshuka hadi chini umeota kijani na kulika, na taa ya juu huwaka kwa unyonge hata tangi likiwa nusu. Nimekosea wapi, na je, maji hayo yanafaa kunywa?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, saketi yako haina kosa kubwa. Waya wa chini hubeba upande chanya. Maji yakifika kwenye ncha ya waya mwingine, umeme mdogo mno hupita majini hadi kwenye beisi ya transista, yaani mguu wake wa kupokea mkondo mdogo, nayo transista huruhusu mkondo mkubwa zaidi uwashe taa. Kosa ni kuuacha umeme huo upite usiku na mchana. Umeme wa mkondo mmoja, yaani unaokwenda upande mmoja tu, unapopita majini humega chuma cha upande chanya, na ndiyo maana ulioliwa ni waya wa chini, si mingine.

Toa shaba yote, uweke vijiti vya chuma cha pua. Spoku za baiskeli za chuma hicho zinafaa sana. Kisha funga swichi ya kubonyeza, kama ile ya kengele ya mlangoni, kwenye waya chanya, ili umeme upite kwa sekunde chache tu unapotaka kujua kina. Wengi hubadilisha chuma wakaisahau swichi, ingawa kwa maoni yangu swichi ndiyo dawa yenyewe.

Kuhusu kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita moja, kwa hiyo ingebidi gramu 4 nzima ziyeyuke katika tangi lako lililojaa ndipo kikomo hicho kifikiwe. Sidhani kwamba waya wako ulifika huko. Hata hivyo, mwaga maji yaliyobaki chini na usugue tangi kabla ya kulijaza tena.

Taa ya juu inadanganywa na unyevu. Mvuke hugeuka matone chini ya mfuniko na kuteremka juu ya waya ulizozifunga pamoja, na kwa kuwa BC547 hukuza mkondo zaidi ya mara mia, utando huo mwembamba wa maji unatosha kuiwasha taa kwa unyonge. Tenganisha vijiti, kila kimoja ukivishe mpira hadi karibu na ncha, kisha unganisha rizista (kizuia mkondo) ya kilo-omu 100 kati ya beisi na emita, mguu wa kutolea mkondo, ya kila transista, ili mkondo huo wa kuvuja upite pembeni.

Ikiwa wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mnajaza tangi kwa maji ya bati, huenda taa zikafifia au zikagoma kabisa, kwa sababu maji hayo yana chumvi chache na hayapitishi umeme vizuri kama ya kisima. Hapo usihangaike kusogeza vijiti. Ongeza urefu wa ncha zilizo wazi kutoka sentimita moja hadi nne hivi.

Jambo moja hukuliuliza, lakini ndilo linalonitia hofu zaidi: chaja. Chaja hafifu ikiharibika ndani inaweza kupitisha umeme wa nyumba, volti 230, moja kwa moja hadi kwenye maji mnayochota. Iondoe leo. Betri tatu za saa ya ukutani hutoa volti 4.5, na kwa kuwa sasa utabonyeza mara chache tu kwa siku, zitakaa miezi mingi.