Pikipiki ya hesabu: oili alipe nani, na utenge shilingi ngapi

Dada, nimekusoma. Umenunua pikipiki ya Kichina ya cc 125, ya mkononi, umempa mtoto wa kaka yako aendeshe bodaboda kule Konde, Pemba, na wewe uko Mjini Unguja. Hesabu, yaani pesa anayokuletea wewe mwenye chombo, ni Sh 7,000 kwa siku na analeta bila matata, ila kila wiki anapiga simu kuwa chombo "kinakunywa oili", umtumie pesa. Kaka yako anataka sevisi zote zifanywe na wakala. Mwenzako wa kazini anakwambia mwachie kijana amalizane na fundi wake. Unauliza nani ashike sevisi na utenge kiasi gani.

Mimi niko Wete, Pemba hukohuko, nina pikipiki mbili za hesabu barabarani, na kabla ya kuwa tajiri, yaani mwenye chombo, niliendesha mwenyewe miaka mingi. Kwa ninavyoona, kaka yako na mwenzako wote wanabishana juu ya nani ashike spana, na hilo ni dogo. Kubwa ni pesa ya oili inatoka mfuko wa nani.

Makubaliano ya kawaida huku kwetu ni kwamba mwendeshaji anatia petroli, anaziba pancha na anabadili oili, halafu tajiri ananunua tairi na cheni na anabeba mzigo wa injini. Ukiyasikia ni ya haki kabisa. Sasa yaangalie vizuri. Oili na ufundi wake ni kama Sh 13,000, yaani kijana anaitoa kwenye riziki yake ya siku ile, pengine siku yenyewe mvua imenyesha tangu alfajiri na abiria hakuna. Akiiruka, kesho chombo kinawaka vilevile. Akiiruka tena, bado kinawaka. Injini inakuja kulia miezi baadaye, na hapo bili ni ya kwako: pistoni, ringi, silinda, gasketi, siku za kusimama bila hesabu. Sisemi kijana wako mwizi. Ukimpa mtu yeyote, hata awe walii, gharama ya leo ambayo faida yake ya kesho ni ya mtu mwengine, ataiahirisha.

Kwa hiyo oili chukua wewe. Nayo usiitume kama pesa, itume kama oili.

Nakueleza ninavyofanya. Nanunua chupa za lita moja, 20W-50, zenye maandishi JASO MA nyuma, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Hayo maandishi yana maana yake: klachi ya pikipiki hizi imezama ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze, chombo kinanguruma mlimani hakiendi. Oili ya kupimiwa kwenye dumu achana nayo, hujui imetoka injini ya nani. Chupa zinakaa nyumbani. Wakati ukifika kijana anachukua chupa mpya, anabadili, kisha analeta ile chupa tupu ikiwa na oili chafu iliyotoka. Hiyo ndiyo risiti yangu. Ikiwa nyeusi na nyepesi, sawa, imefanya kazi yake. Ikimeremeta vumbi la chuma, naita fundi siku hiyohiyo. Na haimwagwi karibu na kisima; jirani yangu anaipaka kwenye nguzo za banda lake mchwa wasizile. Wewe uko mbali, basi chupa ziache kwa kaka yako, ndiye atakayepokea na kutoa. Kijana hataona kavunjiwa heshima, maana hesabu ya chupa inakwenda kwa baba yake, si kwa shangazi aliye ng'ambo ya bahari.

Wakati unafika lini? Wengi watakwambia kilomita 2,000, na kwa kazi ya boda na milima yetu hii mimi sizidishi hapo. Lakini pikipiki ngapi mita yake inafanya kazi? Waya umekatika zamani. Tumia petroli. Hizi 125 zikibeba abiria zinakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Lita 50 ni kilomita 2,000. Kijana anayetia lita mbili na nusu kwa siku anafika huko kwa siku 20 za kazi, yaani kama wiki tatu. Msimu wa karafuu anabeba watu na magunia mpaka usiku, hapo wiki mbili tu.

Sasa hilo la kunywa oili, ndilo linalokutia wasiwasi, na huenda halina mwizi wala ugonjwa. Injini nyingi za aina hiyo zimenakiliwa kutoka Honda CG125, ya tangu miaka ya 1970. Oili inayoingia ni kama lita moja tu, na haina filta ya karatasi kama ya gari, ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu. Kijiti cha kupimia kiko upande wa kulia. Stendi ya pembeni inakilaza chombo kushoto. Kijana akipima pikipiki ikiwa imelalia stendi hiyo, oili yote imehamia upande wa pili na kijiti kinatoka kikavu. Anakupigia simu, unatuma pesa, anaongeza. Wiki ijayo vilevile. Mwisho injini imejaa kupita kiasi, inaitema oili kwa mpira wa pumzi, na wewe unaambiwa bado inakunywa.

Mwambie apime hivi: chombo kwenye stendi ya kati, mahali pa sawa, injini imezimwa dakika chache. Afungue kijiti, akifute, akitumbukize bila kukifunga nyuzi, akitoe, atazame. Akutumie picha. Kama kweli imepungua, kaka yako asimame nyuma ya ekzosi asubuhi inapowashwa mara ya kwanza, kisha kijana avute mafuta. Moshi wa buluu wenye harufu ya oili ni ringi au sili za valvu, hapo anza kuweka pesa ya kufungua injini. Hakuna moshi, hakuna tone chini, basi huenda kipimo ndicho kilichokosewa, apime upya.

Kuhusu wakala: kwa chombo kipya ningekubaliana na kaka yako bila ubishi, maana garantii mara nyingi inakutaka upite kwake kwa sevisi za mwanzo. Chako cha mkononi, garantii hakina. Kukitoa Konde kukipeleka Chake, seuze kukipakia meli kuja Unguja, ni siku za kazi zimepotea kwa jambo ambalo fundi wa Konde analiweza. Kwa wakala nenda ukitafuta spea halisi tu.

Kubadili oili, kukaza cheni, kusafisha ekilina (chujio la hewa ya injini), kuangalia upepo wa tairi, hayo afanye kijana mwenyewe. Ni spana mbili tatu. Cheni iwe na mchezo wa kama sentimita mbili na nusu katikati. Wengi wanaikaza kama uzi wa gambusi, wanaua beringi na sproketi. Na kile kibanio cha kufuli ya cheni, upande wake uliofunga uelekee kule cheni inakokwenda. Ukigeuzwa, siku moja kinachomoka kwenye mteremko. Vumbi la udongo ni adui wa ekilina, na msimu wa masika ule udongo unaganda kwenye cheni mpaka unasikia inasaga. Aioshe kwa mafuta ya taa na brashi, aipake oili nzito. Kama anabeba samaki, aoshe rimu na spoku kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, maana yale maji ya chumvi yanayochuruzika kwenye tenga yanakula chuma kabla hujajua.

Tapeti mpe fundi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo injini nyingi zinapouliwa na mafundi wema kabisa.

Tapeti ni ile nafasi ndogo juu ya valvu. Kwenye CG125 kipimo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, ingizo na tokeo sawa. Fundi wa kweli anatumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Wengine wanatumia kiwembe, ambacho unene wake ni kama 0.1, si mbaya sana. Tatizo ni yule anayeseti kwa sikio. Mteja kaja analalamika "inagonga tik tik", fundi anakaza mpaka kimya, mteja anafurahi, anatoa na chai juu. Chuma kikipata moto kinatanuka, ile nafasi inakwisha, valvu haifungi sawasawa, inaungua taratibu. Dalili yake utaambiwa hivi: asubuhi inawaka vizuri, mchana ikishapata moto inakataa, mpaka isukumwe. Kelele kidogo ya tapeti mimi naipenda, inaniambia nafasi ipo. Muulize fundi swali moja tu: "Utaziseti sasa hivi?" huku chombo kimetoka barabarani, injini ya moto. Akisema ndiyo, tafuta mwengine. Anayejua kazi atakwambia kiache kipoe, au kilale hapa mpaka asubuhi.

Kumpata fundi huyo si kazi ngumu. Nenda maskani ya bodaboda, uliza waendeshaji wenye vyombo vyao wenyewe, si wa hesabu. Hao kila saa chombo kikisimama ni mkate wao. Halafu mtazame anavyofungua nati: akishika spana ya saizi yake, kaa. Akianza na ile ya kukaza na kulegeza, yenye jina lisilotajwa mbele ya wazee, nati zako zitakuwa duara kabla ya mwaka.

Haya, pesa. Bei ninazolipa mimi Wete na Chake. Kwenu Unguja, Darajani na Mwanakwerekwe, utapata chini kidogo. Lita ya oili Sh 10,000 hadi 12,000, ufundi wake Sh 2,000 kama kijana hafanyi mwenyewe. Seti ya cheni na sproketi kama Sh 35,000, kwa boda inakaa miezi minne au mitano ikitunzwa. Tairi ya nyuma Sh 55,000 hivi, nayo karibu umri uleule. Ya mbele inadumu zaidi. Breki shuu Sh 6,000, plagi Sh 4,000, kuseti tapeti Sh 5,000, halafu nyaya za klachi na balbu ambazo huzioni zikija. Ukizigawa kwa mwezi, oili inakula kama Sh 17,000, tairi 12,000, cheni 8,000, na vilivyobaki 13,000. Jumla Sh 50,000.

Sasa tazama hesabu yako: Sh 7,000 kwa siku 26 ni Sh 182,000. Kila siku Sh 2,000 ni ya chombo, si ya kwako. Ikifika tu, itenge, usiiguse. Zako ni 5,000. Ukizihesabu saba zote kama faida ndipo siku ya tairi unaona kama umeibiwa. Utaona pia kuwa ufundi wenyewe katika hesabu yote hii ni pesa ndogo sana. Pesa inakwenda kwenye spea, kwa hiyo ukitaka kubana, usimbane fundi, jihadhari na cheni ya bei ya kutupa inayolegea kabla ya mwezi kuisha.

Ile ya kufungua injini sijaiweka humo. Kwa oili ya wakati na tapeti za kipimo huwa mbali, lakini chombo ni cha mkononi na hujui mwenyewe wa kwanza alikifanyia nini. Weka akiba pembeni, Sh 200,000 hadi 300,000, polepole.

Umeuliza pia kama umgeuzie iwe mkataba, alipe kila siku mpaka kiwe chake. Ukimuamini, mgeuzie, na hapo nayasema kinyume cha yote niliyosema juu: oili, tairi, cheni, vyote viwe vyake tangu siku ya kwanza, maana injini anayoitunza ni yake. Ila kabla ya kumkabidhi wekeni tairi na cheni mpya kwa pesa yako, mseti tapeti, mbadili oili, muandike hali ya chombo kwenye karatasi mbele ya kaka yako. Hesabu za mkataba huwa juu kuliko za kawaida, na mwezi wa kwanza akikutana na tairi iliyokwisha atashindwa kulipa, mtagombana bure, na ni damu moja.