Mwanangu, leteni watoto Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mkamwana wangu na kwa wajukuu. Hapa Winooski sote wazima, ila baridi bado haijatuaga.

Umeuliza kama mnunue tiketi mje Vermont likizo ya shule ya katikati ya Machi, watoto waone mashamba ya mepoli (maple), miti ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa shira, au msubiri kiangazi. Njooni Machi. Kiangazi mtakuta miti imesimama na chupa za shira ziko dukani. Kazi yenyewe huwa imekwisha tangu Aprili, kwa sababu mti ukianza kuchipua utomvu hubadilika ladha na wagema hufunga vifaa.

Wewe ulihamia Houston kabla hatujayazoea mambo haya, kwa hiyo nikueleze. Utomvu unataka usiku wa kuganda na mchana wenye joto kidogo juu ya sifuri. Baridi ikishinda mchana kutwa, hautoki. Joto likilala hadi asubuhi, unakatika. Kwa hiyo hakuna mtu wa kukuahidi siku. Mashamba mengi hukaribisha wageni mwishoni mwa Machi, nanyi mtakuwa mmesharudi. Haidhuru. Nitapiga simu kila asubuhi niulize, "Leo mnachemsha?" Wakisema hapana, tutakaa nyumbani tungoje kesho.

Nasisitiza hilo la kuchemsha kwa sababu ndilo la kuwaonyesha watoto. Mvuke utauona barabarani kabla ya kufika, unatoka juu ya paa la kibanda. Ndani kuna karai refu la bati juu ya tanuri, na sehemu nyingine bado wanatumia kuni. Utomvu unaoingia ni mweupe kama maji, sukari yake kama asilimia 2 tu. Lita 40 hivi zinachemka mpaka ibaki lita 1 ya shira. Mwambie mkamwana wangu, aliyeshangaa bei ya ile chupa ya shira, kwamba bei inatoka hapo.

Simameni karibu na mpishi. Huchota shira kwa bamba pana la chuma, akaliinua na kutazama ukingo wake. Ikidondoka tone tone, bado. Ikishuka kwa pamoja, imetanda kama pazia, imeiva. Siku hizi wana vipimo vya joto na vya sukari, lakini wazee wengi bado huangalia kwanza kwa macho yao.

Mwanao mdogo anaogopa tunakwenda kuona miti ikiumizwa. Mwambie tundu la kutolea utomvu ni dogo, kina chake kama sentimita 5, na mti hulifunga wenyewe. Mwaka unaofuata hutobolewa pengine. Mti huhitaji kama miaka 40 kabla ya kuanza kugemwa, kwa hiyo anayegema leo mara nyingi anakula matunzo ya waliomtangulia. Nataka wajukuu walisikie hilo kutoka kwa wenye shamba wenyewe. Na wajue kwamba Waabenaki na mataifa mengine ya wenyeji walikuwa wakipika sukari hii kabla Wazungu hawajafika.

Kisha wataletewa shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, inanata kwenye uma, pamoja na donati na tango la siki. Wasilikatae tango. Ndilo linalokata utamu na kumfanya mtu aweze kuendelea kula.

Kuhusu kununua, ya mwanzo wa msimu huwa ya rangi ya dhahabu na ladha nyepesi. Inayofuata huzidi kuwa nyeusi na nzito. Kwa uji wangu nachukua nyeusi, na mngechukua hiyo msingejuta.

Viatu vya michezo viacheni Texas. Theluji ikiyeyuka, barabara za shamba ni tope tupu, kwa hiyo kila mtoto awe na mabuti ya mpira na soksi za akiba. Nitumie saa ya ndege kutua, baba yako atakuja kuwapokea.

Mama yako