Je, Hojaji Hii Inapima Malezi Yetu?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Manyatta, Kisumu. Mwanafunzi wa chuo kikuu ametuletea hojaji kuhusu jinsi tunavyowaongoza vijana wetu wanapotumia intaneti, na majibu yatalinganishwa na ya nchi nyingine. Swali moja linauliza ni mara ngapi mimi huketi na mwanangu akiwa mtandaoni. Simu yetu ya intaneti ni moja, naye huitumia jioni tukiwa sote sebuleni. Nikiandika “kila mara”, nitakuwa nimesema kweli?
Mama wa watatu

JIBU: Mama, utakuwa umesema kweli, lakini mtafiti anaweza kulielewa jibu lako vingine. Maswali ya aina hii yana asili yake katika utafiti wa televisheni, hasa kipimo alichotunga mtafiti Patti Valkenburg na wenzake nchini Uholanzi mwaka 1999, kilichotenganisha kumweleza mtoto anachokiona, kumwekea mipaka na kutazama pamoja naye. Mwaka 2008, Sonia Livingstone na Ellen Helsper waliochunguza intaneti nchini Uingereza waliona kwamba mafungu hayo hayatoshi, kwa kuwa mipaka yenyewe ilikuwa ya namna mbalimbali.

Mzazi mwenye nyumba ya vyumba vingi anapoketi na kijana wake, amechagua kufanya hivyo. Kwenu huenda ni sebule moja na simu moja vinavyowakutanisha. Alama zako na za mzazi huyo zikilingana, hatuwezi kusema malezi yamelingana. Tafsiri nzuri pekee haiondoi tatizo hilo. Ni lazima takwimu zionyeshe kwamba maswali yanahusiana vivyo hivyo katika kila nchi, na kwamba wazazi wanaoongoza kwa kiwango kimoja hujibu kwa kiwango kimoja, kabla ya yeyote kuthubutu kulinganisha wastani.

Kwa maoni yangu, hojaji ya huku ingeuliza pia nani hununua bando. Mzazi anayenunua la saa moja tu, baada ya kazi ya shule kukamilika, ameshaweka mpaka, ingawa hakuna programu ya udhibiti kwenye simu. Iulize pia kama anayeongoza ni shangazi au nyanya, na vijana wenyewe waulizwe, kama EU Kids Online, mradi wa utafiti kuhusu watoto na intaneti, ilivyofanya mwaka 2010 katika nchi 25 za Ulaya kwa kumhoji mtoto na mzazi wake mmoja, kwa sababu majibu ya wawili hao mara nyingi hutofautiana.

Andika “kila mara”, kisha ueleze pembeni kuhusu sebule na simu. Mwulize pia mwanafunzi huyo kama aliwahi kuketi na wazazi wachache wa hapo Manyatta, wakamweleza walivyolielewa kila swali, kabla ya kuisambaza hojaji yake.