Kilomita 21 na Utando wa Pafu Ulionenepa

Nimemaliza kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kwa saa 2 na dakika 41. Wenzangu walikuwa wameshaoga. Nikaweka picha ya medali, na usiku huohuo dada mmoja akaniandikia: "Kaka, X-ray yangu inasema utando wa pafu umenenepa. Wewe ulitumia dawa gani ukapungua?"

Dada, wangu haujapungua.

Wangu ulianza na kichomi ubavu wa kulia. Nikivuta pumzi, msumari. Mama akasema ni feni. Zahanati moja ya mtaani wakanipa antibayotiki, nikamaliza, wakanipa nyingine. Wiki 7 nzima napanda ngazi za ofisini kwa vituo na bado najidai niko fiti. Hospitali kubwa walipopiga picha, nusu ya kifua upande ule ilikuwa nyeupe. Nikainamia meza, sindano ikapita kati ya mbavu kwa mgongoni, yakatoka maji lita moja na nusu, ya njano kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Makohozi hayakuonyesha kitu. Yale maji ndiyo yaliyosema: TB ya utando wa pafu.

Dawa ni bure. Miezi 2 aina nne, miezi 4 aina mbili, mkojo rangi ya chungwa. Nilimeza, basi. Kinachoniuma hadi leo ni kikombe changu kutengwa kwa ndugu zangu wenyewe, wakati TB ya utando peke yake, pafu likiwa salama, kwa kawaida haiambukizi. Wifi, kama unasoma, kile kikombe ninacho.

Utando huo una tabaka mbili zinazoteleza juu ya majimaji kidogo. Maji yakijaa na kukaa, tabaka zinagandana, linabaki kovu. Hakuna kidonge cha kuliyeyusha. Likibana pafu sana madaktari wanaweza kupasua na kulibandua, lakini wengi wetu tunaachiwa tuishi nalo. Mimi nafanya mazoezi ya kuvuta pumzi kila asubuhi, mkono wa kulia juu.

Kwa hiyo, wakimbiaji wenzangu, acheni kujidanganya kwamba pumzi itafunguka barabarani! Kikohozi au kichomi kikifika wiki 2, kapige picha. Acha sigara. Maliza dozi. Mwezi wa tatu utajiona mzima, na hapo ndipo watu wanaacha, maliza dozi. Mtajie daktari na kazi ulizowahi kufanya, maana vumbi la asbesto linaweza kunenepesha utando huohuo miaka 20 au zaidi baadaye.

Yule dada nimemwambia aende na X-ray yake ya zamani zilinganishwe, kwa sababu kovu lililotulia si sawa na linaloongezeka. Amejibu kwamba ya zamani waliikatakata nyumbani mwaka 2016, wakatazamia kupatwa kwa jua.