Washiriki wamefurahia mafunzo, lakini kazini kumebadilika nini?

Swali: Tumewapa maofisa elimu 40 wa wilaya mafunzo ya siku tano: bajeti, kusoma takwimu za shule na kuwasimamia walimu wakuu. Dodoso la siku ya mwisho lilitoa wastani wa 4.6 kati ya 5. Cha ajabu, walipojipima uwezo wao, wengi walijipa alama ndogo kuliko siku ya kwanza. Mkurugenzi anauliza kama mafunzo yamefaa. Nimjibu nini?

Jibu: Mjibu kwamba bado hujui. Hiyo 4.6 inasema mkufunzi hakuwachosha. Si haba, ila katika ngazi nne za kupima mafunzo alizozieleza Mmarekani Donald Kirkpatrick mwaka 1959 (mwitikio, kujifunza, mwenendo kazini na matokeo), hiyo inapima ya kwanza tu.

Alama zilizoshuka zisikutie hofu. Siku ya kwanza mtu hudhani anajua kusoma takwimu kwa kuwa hajaona zinavyosomwa hasa. Akishaona, anajipima kwa rula nyingine. Awamu ijayo uliza yote mawili siku ya mwisho: leo uko wapi, na kwa unavyojielewa sasa, ulikuja ukiwa wapi? Hata hivyo watu hupenda kuonekana wamesogea, ndiyo maana mimi huamini makaratasi kuliko kauli.

Chukua ripoti tatu za ziara za shule alizoandika kila ofisa kabla ya mafunzo, na tatu za miezi sita baadaye. Ficha majina na tarehe, uwape wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, kwa vigezo vilevile. Je, ripoti imetaja takwimu za shule hiyo? Imesema nani afanye nini, lini? Imefuatilia yaliyoahidiwa safari iliyopita? Ikiwa bado inasema “hali ni ya kuridhisha, juhudi ziongezwe”, mafunzo yameishia ukumbini. Kisha waulize walimu wakuu, ofisa asiwepo.

Matokeo ya mitihani yaache kwanza. Kati ya ofisa na mwanafunzi wamesimama watu wengi mno.

Usipoona mabadiliko, usimkimbilie mkufunzi. Huenda ofisa hana usafiri wa kufika shuleni, kahamishwa, au mkuu wake hamruhusu kuigusa bajeti. Hapo njia ya Robert Brinkerhoff, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, hufaa: tafuta wachache waliofanikiwa sana na wachache walioshindwa kabisa, wahoji kwa kina, uone kilichowatenganisha. Mahojiano manane yaliyofanywa vizuri yatakufundisha mengi kuliko dodoso jingine.

Na kama kuna maofisa ambao zamu yao haijafika, anza kukusanya ripoti zao sasa. Wakiboreka nao kwa kiwango kilekile bila mafunzo, kuna kingine kilichowasukuma wote, pengine waraka mpya au fomu mpya ya ukaguzi.