Kutwaa Next Gen si dhamana ya Grand Slam

Je, taji la Next Gen ATP Finals, mashindano ya tenisi ya vijana, linamhakikishia kijana Grand Slam, yaani moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi? Hapana. Nayafuatilia mashindano hayo ya vijana tangu yaanze Milan mwaka 2017. Kati ya mabingwa wote hadi João Fonseca wa 2024, waliobeba Grand Slam ya wakubwa ni wawili tu: Sinner (bingwa wa 2019) na Alcaraz (2021). Tsitsipas wa 2018 alifika fainali mbili za Grand Slam, French Open (Paris) 2021 na Australian Open (Melbourne) 2023, na zote akashindwa na Djokovic, nyota wa Serbia.

Anayeniuma zaidi ni Chung Hyeon wa Korea Kusini, bingwa wa kwanza kabisa. Miezi miwili tu baadaye, Januari 2018, alimtoa Djokovic kwenye Australian Open na kufika nusu fainali, akapanda hadi nafasi ya 19 duniani. Kisha majeraha, hasa ya mgongo, yakamrudisha chini. Kipaji alikuwa nacho, mwili ndio uliokataa.

Ila kwa Fonseca ni mapema mno kukata tamaa: amezaliwa 2006, na mwaka 2025 pekee alishinda mashindano ya Buenos Aires na Basel.